Opereta Haipasaikliki na Obiti Zinazotanda Kila Mahali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa hisabati tunaokutana Moshi siku za Jumamosi. Wengi wako mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu, na wachache ni wa uzamili wanaokuja na Hiace kutoka Arusha. Yamepangwa jinsi yanavyoulizwa, si jinsi kitabu kingeyapanga. Msomaji awe ameshakutana na nafasi za vekta, namba changamano na mifuatano isiyo na mwisho. Mengine tutayaeleza njiani.

Opereta haipasaikliki ni nini?

Chukua nafasi ya vekta X yenye namna ya kupima umbali, pamoja na opereta T ya mstari iliyo endelevu, yaani kanuni inayochukua vekta ya X na kutoa vekta ya X. Chagua vekta moja x, uipitishe kwenye T tena na tena: x, Tx, T²x, T³x, bila kukoma. Orodha hiyo ndiyo obiti ya x. Sasa taja vekta yoyote ya X, na taja umbali wowote, uwe mdogo kiasi gani. Ikiwa kila mara kuna hatua n ambapo Tⁿx inaikaribia vekta yako zaidi ya umbali huo, obiti imetanda X nzima. Hapo x ni vekta haipasaikliki (kwa Kiingereza hypercyclic), na T ni opereta haipasaikliki.

Hakuna bahati nasibu popote. Ni vekta moja na kanuni moja, na bado inapita jirani na kila kitu kilichomo.

Usichanganye na opereta saikliki tu. Kwa opereta saikliki unaruhusiwa kuchukua vekta za obiti, kuzizidisha kwa namba na kuzijumlisha, ndipo utande. Matriki nyingi zinafaulu mtihani huo. Huku kwetu obiti inatembea peke yake, haibebwi na mtu.

Lakini mwalimu, si tulifundishwa kwamba vitu vya mstari vina adabu? Fujo si za milinganyo isiyo ya mstari?

Hili huulizwa kila mwaka, na anayeuliza ana haki. Tangu Kidato cha Tano opereta za mstari alizoziona ni matriki, na matriki kweli zina adabu. Katika nafasi yenye dimensheni zenye ukomo hakuna opereta haipasaikliki hata moja. Sababu yake ni fupi, tuiandike yote.

Matriki yoyote ya namba changamano, ukiigeuza safu kuwa nguzo, ina vekta aigeni (vekta isiyo sifuri ambayo matriki inaizidisha kwa namba tu). Maana yake ipo fankisheni ya mstari φ isiyo sifuri, inayopeleka vekta kwenye namba, na namba λ, ambapo φ(Tx) = λφ(x) kwa kila x. Basi φ(Tⁿx) = λⁿφ(x). Kama obiti ya x imetanda nafasi nzima, namba λⁿφ(x) nazo zingetanda ubao wote wa namba changamano. Haziwezi. Ikiwa ukubwa wa λ hauzidi 1, zimefungiwa ndani ya duara. Ukizidi 1, zinakimbia sifuri na hazirudi. Kwa matriki za namba halisi hoja ni ileile, kwa sababu ukubwa wa λⁿφ(x) unakua tu au unapungua tu, au umesimama palepale.

Kwa hiyo adabu tuliyofundishwa haitokani na umstari. Inatokana na dimensheni kuwa chache. Ondoa ukomo wa dimensheni na ile vekta aigeni inaweza kutoweka. Ikitoweka, hakuna tena wa kuizuia obiti.

Kuna mchezo mdogo pembeni. Namba moja haiwezi kutanda mstari wa namba halisi kwa kujizidisha, lakini ukiruhusiwa namba mbili, −2 na 1/3, ukazizidisha kwa mpangilio wowote kuanzia 1, matokeo yanatanda mstari wote. Jaribu kuthibitisha, utahitaji kujua kwamba logi ya 2 kugawanya kwa logi ya 3 haiandikiki kwa sehemu.

Nipe mfano ninaoweza kuushika mkononi.

Fikiria foleni ya benki hapa mjini mwisho wa mwezi, ila foleni hii haina mkia. Kila aliyepanga ameshika kiasi fulani, na mwenye deni ameshika kiasi hasi. Dirisha likiita, wa kwanza anaondoka na kufutwa kwenye hesabu. Wote waliobaki wanasogea hatua moja, na kila anayesogea kiasi chake kinakuwa mara mbili. (Benki ya namna hiyo ingekuwepo nisingekuwa naandika haya, ningekuwa kwenye foleni.)

Kwa alama: T(x₁, x₂, x₃, …) = (2x₂, 2x₃, 2x₄, …). Nafasi yetu ni ℓ², yaani foleni zote ambazo ukijumlisha vipeo vya pili vya viasi vyote unapata jumla yenye ukomo. Sharti hilo linawalazimisha wa mbali washike fedha kidogo mno.

Sasa tuseme nataka, baada ya watu 30 kuhudumiwa, watatu wa mwanzo wawe na 3, 1 na 4. Nawaweka mtu wa 31, wa 32 na wa 33 na 3/2³⁰, 1/2³⁰ na 4/2³⁰. Kwa kuwa 2³⁰ ni 1,073,741,824, wa 31 leo ameshika kitu kama 0.0000000028. Hakuna anayemwona. Akifika dirishani ameshika 3 kamili.

Hiyo ndiyo siri yote. Foleni zenye watu wachache na viasi vinavyoandikika kwa sehemu zinahesabika, kwa hiyo unaweza kuzipanga y₁, y₂, y₃, na kuendelea, na zimetanda ℓ². Chukua y₁, igawe kwa kipeo kikubwa cha 2, ipachike mbali kwenye foleni. Chukua y₂, ipachike mbali zaidi. Endelea hivyo. Kila kipande kikae mbali sana na kilichotangulia, ili mambo mawili yatimie: zamu ya y₅ ikifika, y₁ mpaka y₄ wawe wameshaondoka wote, na y₆ na wenzake wawe bado wadogo kiasi cha kutosumbua. Foleni uliyoijenga ni vekta haipasaikliki. Kila yₖ inapata siku yake, na kosa linapungua kadiri k inavyokua.

Mfano huu ni wa Stefan Rolewicz, 1969. Badala ya 2 unaweza kuweka namba yoyote yenye ukubwa unaozidi 1. Ukiweka 1 au pungufu, kinachobaki kwenye foleni hakikui kamwe, na habari inaishia hapo.

Je, yeye ndiye aliyeanza?

Hapana. Yeye alikuwa wa kwanza kutoa mfano katika nafasi ya Banach, yaani nafasi yenye nomu (kipimo cha urefu wa vekta) na iliyo kamili: mfuatano ambao vekta zake za mbali zote zinakaribiana una kikomo ndani yake. Mwaka 1929 G. D. Birkhoff alionyesha kwamba ipo fankisheni nzima f, yaani yenye derivativu kila mahali kwenye ubao wa namba changamano, ambayo ukiihamisha f(z), f(z+1), f(z+2), … unaikaribia kila fankisheni nzima iliyopo, juu ya duara lolote utakalochora. Mwaka 1952 G. R. MacLane akaonyesha jambo lilelile kwa derivativu: ipo fankisheni moja ambayo derivativu zake f, f′, f″, … zinakaribia fankisheni zote nzima.

Huyu MacLane ndiye anayewaduwaza wanafunzi zaidi, kwa sababu derivativu wameizoea. Polinomia ukiitafutia derivativu mara za kutosha inakufa. Fankisheni ya eˣ haibadiliki. Saini na kosaini zinazunguka nne nne. Katika zote unazozitaja kwa jina hakuna hata moja inayozurura, na bado inayozurura ipo.

Wote hao walifanya kazi zao mbalimbali bila kuona kwamba wanazungumza jambo moja. Uwanja ulipata sura yake katika miaka ya 1980, kuanzia tasnifu ya Carol Kitai ya mwaka 1982, Toronto. Haikuchapishwa kwenye jarida wakati ule. Robert Gethner na Joel Shapiro waligundua upya kigezo kilekile mwaka 1987 wakiwa kwenye njia yao wenyewe.

Kigezo cha Kitai kinasemaje?

Kwa toleo lake jepesi: tafuta seti iliyotanda ya vekta ambazo T inaziua polepole, yaani Tⁿx inaelekea sifuri. Tafuta seti nyingine iliyotanda yenye njia ya kurudi nyuma S, ambapo TS inarudisha kitu kilekile na Sⁿy nayo inaelekea sifuri. Ukipata vyote viwili, T ni haipasaikliki.

Kipime kwa MacLane. Derivativu inaziua polinomia zote, na polinomia zimetanda. Njia ya kurudi ni kuintegreti: ukiintegreti zᵏ mara n unapata k!/(k+n)! mara zᵏ⁺ⁿ, na kile kigawanyo kinameza kila kitu. Kwisha. Uthibitisho uliokuwa makala nzima mwaka 1952 sasa unaingia kwenye kona ya ubao. Kwenye foleni yetu ni hivyohivyo: foleni fupi zinakwisha zenyewe, na kurudi nyuma ni kusogeza watu na kugawa kwa 2.

Kama una muda wa kukariri kitu kimoja tu katika somo hili, kariri hiki.

Vekta hizi ni nadra?

Kinyume chake. Zikipatikana kwa opereta fulani basi ndizo nyingi, na zile nyinginezo ndizo nadra, kwa maana ya Baire: zinaenea ndani ya orodha inayohesabika ya seti ambazo hazitandi hata kieneo kimoja. Hoja ni ya Birkhoff tena. Katika nafasi iliyo kamili na inayotenganika (yenye seti inayohesabika iliyotanda), T ni haipasaikliki iwapo, na iwapo tu, kwa kila seti mbili wazi U na V zisizo tupu kuna n ambapo Tⁿ inatupa kitu kutoka U hadi ndani ya V. Kwa kila V katika orodha inayohesabika, vekta zinazofika V ni seti wazi iliyotanda. Zikutanishe zote, na thiorema ya Baire inakuambia makutano hayo bado yametanda.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Kila vekta ya nafasi, hata uliyoiandika wewe kwa kalamu, ni jumla ya vekta mbili haipasaikliki. Zaidi ya hapo, Herrero na Bourdon walionyesha kwamba ipo nafasi ndogo iliyotanda ambayo kila vekta yake, isipokuwa sifuri, ni haipasaikliki. Humo ndani unajumlisha wazururaji wawili, na jumla isipokuwa sifuri unapata mzururaji.

Halafu mwanafunzi huuliza: mbona hatujawahi kukutana na hata mmoja barabarani? Kwa sababu vitu tunavyoweza kuviandika kwa mstari mmoja vina mpangilio, na mpangilio ndio unaowakosesha sifa.

Na hiyo "machafuko" inayotajwa pamoja nazo?

Kwa maana ya Devaney, mfumo una machafuko ukiwa na obiti iliyotanda na pia nukta zinazorudia zilizotanda. Gilles Godefroy na Joel Shapiro waliileta fikra hii kwenye opereta mwaka 1991. Foleni yetu inayo: viasi 1, λ, λ², λ³, … ni vekta aigeni ya thamani 2λ, na ukichagua λ ili 2λ ikizidishwa yenyewe mara fulani irudi kuwa 1, foleni hiyo inajirudia. Michanganyiko yao inatanda.

Tafakari picha hiyo. Pembeni ya kila vekta kuna inayokufa, kuna inayojirudia na kuna inayozurura kila mahali, zote zimebanana, na zote zinatii kanuni ileile ya mstari. Godefroy na Shapiro walithibitisha pia kwamba kwenye fankisheni nzima, opereta yoyote endelevu ya mstari inayopatana na kuhamisha (uhamishe kwanza au mwisho, jibu moja) ni ya namna hii, isipokuwa ile ya kuzidisha kwa namba tu. Birkhoff na MacLane wote wamo humo.

Nikihesabu hatua mbili mbili badala ya moja moja, obiti itabaki imetanda?

Ndiyo. Shamim Ansari, 1995: T ikiwa haipasaikliki, T², T³ na kuendelea nazo ni haipasaikliki, tena kwa vekta zilezile. Ni thiorema ambayo kila mtu anadhani ni rahisi mpaka ajaribu.

Bourdon na Feldman wakaongeza mwaka 2003 kwamba obiti ikitanda katika kieneo kimoja tu kilicho wazi, hata kiwe kidogo namna gani, imetanda kote. Na León-Saavedra na Müller, 2004: ukizidisha T kwa namba changamano yenye ukubwa wa 1 hupotezi chochote.

Opereta gani haziwezi kabisa?

Za kompakti (mfuatano wowote wenye mipaka zinaugeuza kuwa wenye sehemu inayokaribia kikomo), za normali (zinazopatana na ajointi zao, yaani mwenza wa ile matriki iliyogeuzwa safu kuwa nguzo), na yoyote isiyozidi 1 kwa nomu, yaani isiyorefusha vekta yoyote. Ya kompakti ina hoja nzuri: kama spektra yake (namba λ ambazo T − λI haina kinyume) ina nukta isiyo sifuri, ajointi yake ina thamani aigeni, na ile hoja ya matriki inarudi kuiua. Kama spektra ni sifuri peke yake, Tⁿx inaelekea sifuri kwa kila x. Njia zote mbili zimefungwa.

Ila usiharakishe kuzidharau. Héctor Salas alionyesha mwaka 1995 kwamba ukichukua kisogezi cha foleni chenye uzito kwa kila hatua, uzito wowote usio sifuri ilimradi usivuke kiwango fulani, ukakijumlisha na opereta I isiyobadilisha kitu, unapata opereta haipasaikliki. Chagua uzito unaopungua kuelekea sifuri, na kisogezi hicho ni kompakti. Peke yake hakifiki popote. Ukimwongezea asiyefanya kitu, wanatanda nafasi nzima.

Kila nafasi ina opereta ya namna hii?

Rolewicz aliuliza hilo mwaka 1969, na jibu lilichukua karibu miaka 30. Kila nafasi ya Banach yenye dimensheni zisizo na ukomo na inayotenganika inayo: Ansari mwaka 1997, na Luis Bernal-González, kwa njia yake, mwaka 1999. José Bonet na Alfred Peris walilipanua mwaka 1998 kwa nafasi za Fréchet, ambazo nazo ni kamili ila hutumia vipimo vingi vya urefu badala ya nomu moja. Isiyotenganika haiwezi, maana obiti ni orodha inayohesabika.

Kwa machafuko jibu ni tofauti. Bonet, Martínez-Giménez na Peris walionyesha mwaka 2001 kwamba zipo nafasi za Banach zisizokubali opereta yenye machafuko hata moja. Kwa hiyo kuzurura kunapatikana kote, ila kuzurura pamoja na kujirudia kunategemea nafasi.

T ikiwa haipasaikliki, je, jozi ya T na T, zikitembea pamoja, nayo ni haipasaikliki?

Yaani opereta inayopeleka (x, y) kwenye (Tx, Ty). Ni swali la Domingo Herrero, na kwa muda mrefu kila mfano uliojulikana ulisema ndiyo. Jibu ni hapana. De la Rosa na Read walijenga nafasi na opereta inayokataa, kisha Bayart na Matheron wakaonyesha kwamba inawezekana hata kwenye nafasi ya Hilbert (nafasi ya Banach ambayo urefu wake unatokana na zao la ndani, kama ℓ²). Ujenzi wenyewe ni mgumu, sikushauri uuanze ukiwa na mtihani wiki ijayo. Kinachofaa kujua ni kwamba opereta inayotimiza kigezo cha Kitai huwa daima inakubali jozi, kwa hiyo kigezo hicho, pamoja na uzuri wake wote, hakizikamati zote.

Hili linahusiana vipi na tatizo la nafasi ndogo isiyobadilika?

Kwa karibu sana. Tatizo hilo linauliza kama kila opereta ina nafasi ndogo iliyofungwa, mbali na sifuri na nafasi nzima, ambayo T inaibakiza ndani yake. Kama kila vekta isiyo sifuri ni haipasaikliki, basi hakuna seti iliyofungwa, mbali na sifuri na nafasi nzima, ambayo T inaibakiza ndani yake. Charles Read alijenga opereta ya namna hiyo kwenye ℓ¹ mwaka 1988. Kila vekta inazurura, hakuna inayojificha. Kwa nafasi ya Hilbert hakuna mfano kama huo unaojulikana.

Naweza kuiona kwenye kompyuta?

Wenzetu wa Arusha, hasa waliozoea modeli za hesabu, huuliza hili mapema. Jibu linakatisha tamaa, na linafundisha. Ukikata foleni ibaki na watu 1000, baada ya miito 1000 dirisha liko tupu, umepata sifuri. Ukiongeza wawe milioni, umeahirisha tu. Hakuna matriki yenye ukomo itakayokuonyesha tabia hii, kwa sababu tumeshathibitisha hakuna matriki iliyo nayo.

Kuna na kikwazo cha pili. Namba ndogo kuliko zote chanya katika hesabu za kawaida za kompyuta, zile za biti 64, ni 2⁻¹⁰⁷⁴. Aliyepanga mbali zaidi ya hapo, akiwa na kiasi kilichogawanywa kwa kipeo chake cha 2, kompyuta inamsoma kuwa hana kitu. Na habari yote ya vekta yetu imeandikwa mkiani. Kompyuta inafaa kukuonyesha hatua chache za mwanzo, y₁ ikijitokeza, kisha y₂. Zaidi ya hapo tumia karatasi.

Nipe zoezi la kwenda nalo.

Haya. Rudi kwenye foleni, lakini badala ya kuzidisha kwa 2 kila mahali, anayesogea kutoka nafasi ya n+1 kwenda ya n azidishiwe (n+1)/n. Uzito huo unaelekea 1, kwa hiyo wa mbali karibu hawaongezewi kitu. Onyesha kwamba opereta hii kwenye ℓ² bado ni haipasaikliki, na kwamba ina machafuko.

Kisha weka kipeo nusu, yaani uzito uwe mzizi wa pili wa (n+1)/n. Onyesha kwamba bado ni haipasaikliki lakini machafuko yamekwenda. Dokezo: andika foleni ambayo haibadiliki kabisa dirisha likiita, kisha uulize kama imo ndani ya ℓ². Utajikuta unajumlisha 1 + 1/4 + 1/9 + … upande mmoja, na 1 + 1/2 + 1/3 + … upande wa pili.